Chiriku Wawili Mezani

Kazi yangu ni kuchuna ndege. Nikisema hivyo mbele ya watu, aliyekaa jirani yangu husogeza kiti, kwa hiyo siku hizi nasema tu nafanya kazi kwenye jumba la makumbusho, na watu wanadhani nakata tiketi mlangoni. Nawaacha wadhani. Nina miaka kumi na minne kwenye chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, penye meza moja ya bati, sinki, friza linalonguruma na makabati ya chuma yanayonuka dawa ya nondo. Ndege anakuja ameganda kama jiwe. Namwacha alegee, nampasua kifuani, natoa nyama yote hadi libaki ganda la manyoya, najaza pamba, nashona, namlaza chali kwenye ubao akauke. Baada ya wiki mbili anaingia kwenye droo na wenzake, na humo anaweza kukaa miaka mia bila kumsumbua mtu.

Lakini yote hayo hayana maana bila lebo. Lebo ni kipande cha karatasi ngumu kinachofungwa mguuni kwa uzi. Aliyemkamata ndege ndiye anayeiandika, palepale alipomkamatia: mahali, tarehe, uzito, urefu wa bawa, na jina lake yeye mkamataji. Ndege mwenye lebo ni ushahidi kwamba siku fulani, kwenye mlima fulani, kiumbe huyu alikuwepo. Asiye na lebo ni pamba na manyoya. Ndiyo maana chumba changu kina sheria mbili tu, nimeziandika kwa wino mweusi juu ya sinki: lebo haifunguliwi mguuni, na mezani anakaa ndege mmoja. Ukishammaliza huyo ndipo umtoe mwingine. Wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza huziona sheria hizo za kitoto. Mimi huwaambia mlango uko wapi.

Mdogo wangu alizijua pia, mimi ndiye niliyemfundisha. Kazini walimwita Redio. Mama husema mimi nilitangulia kuzaliwa nikamwachia yeye maneno yote. Tulikuwa jumba moja la makumbusho lakini yeye hakuweza kukaa chumbani hata saa moja. Kazi yake ilikuwa kupanda milima, kutega nyavu na kuhesabu ndege. Na alipiga chuku, sitaki kumsafisha kwa kuwa amekufa. Nyoka aliyemwona porini akiwa na urefu wa mkono, akifika naye mjini alikuwa amekua urefu wa gari. Kwa hiyo aliporudi safari moja akaapa kwamba amemsikia chiriku wa mawe kwenye mlima wa kaskazini, ofisi nzima ilicheka.

Chiriku wa mawe ni ndege mdogo, hafikishi gramu ishirini na tano. Ana rangi ya mchanga, mdomo mnene wa kuvunjia mbegu, na wekundu hafifu kwenye mabawa, kama rangi ya midomo iliyofutwa vibaya. Anapenda milima mikavu, penye mawe matupu na majani machache, na sauti yake ni ya kukwaruza, kama tarumbeta ya mtoto iliyokwisha kuchoka. Vitabu vyote vinasema anaishi kwenye milima ya kusini, basi. Kaskazini hajawahi kuonekana.

"Umesikia tarumbeta," mkuu wa idara alimwambia mdogo wangu. "Labda kulikuwa na harusi."

"Mkuu, nakwambia alikuwa yeye!"

"Mlete basi."

Akaenda kumleta. Alipitia kwanza kusini kwa kazi ya kawaida ya kuhesabu, akachukua chiriku mmoja huko ili awe na wa kulinganisha, kisha akaendelea hadi kaskazini. Dereva alimsubiri chini ya mlima. Saa nne asubuhi simu ya dereva ililia. Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele huko juu: amempata, amwambie dada aandae meza. Saa saba alikuwa bado hajashuka. Dereva alipomfuata alimkuta chini ya genge la mawe. Jiwe alilokanyaga lilikuwa limeporomoka. Mfuko wa ndege alikuwa ameufunga shingoni, ukiwa na damu yake. Dereva aliuweka mfuko kwenye boksi la barafu alimokuwa yule ndege wa kusini, akaliweka boksi kwenye kiti cha mbele, akamlaza mdogo wangu kiti cha nyuma. Akaendesha siku nzima hivyo. Alinieleza yeye mwenyewe na mimi nikamwuliza kama barafu ilitosha.

Ndivyo nilivyokuwa. Watu walinisifu msibani kwamba nina moyo mgumu. Moyo mgumu wapi! Nilikuwa na ganzi, ile ya mtu aliyelalia mkono, ukiugusa unagusa kitu cha mtu mwingine. Nilipokea wageni, nilikumbuka nani alete viti, nilijua nani ana kisukari asipewe chai ya sukari. Mama alilia hadi sauti ikakauka. Mimi nilimpa maji. Siku ya nne nilirudi kazini, kwa sababu kulikuwa na ndege kwenye friza.

Miezi mitano ikapita hivyo. Nilikula kwa kuwa ni saa ya kula. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki na uhai nyumbani kwetu, nacho kilikuwa kitabu. Idara yetu huchapa orodha ya ndege wa nchi nzima kila baada ya miaka kumi, kila ndege na mahali alipothibitishwa, na mahali papya huandikwa pamoja na jina la aliyepagundua. Mama alipojua hilo alinishika shati.

"Jina lake litakuwa ukurasa gani?"

"Bado hawajapanga kurasa, mama."

"Mtoto amekufa kwa ajili ya ndege," alisema. "Basi angalau ndege awepo."

Kila jioni aliniuliza kuhusu kitabu. Alikuwa amesogeza picha ya mdogo wangu kwenye rafu ili kitabu kipate pa kukaa. Mkuu wa idara alitangaza kwamba Alhamisi atawapitia ndege wote wenye mahali papya, mmoja mmoja, kwa rula na kioo cha kukuzia, na atakayepita ataingia kitabuni. Atakayeanguka, ameanguka kwa miaka kumi.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, nilitoa droo ya chiriku ili nimwandalie. Walikuwa wamelala sambamba, yule wa kaskazini na yule wa kusini, madume wote wawili, lebo zikiwa na mwandiko wa mdogo wangu, ule wa kukimbia, herufi zinasukumana kama watoto wanaotoka darasani. Kazi ilikuwa safi. Nilichukua rula, kwa mazoea tu. Lebo ya kaskazini ilisema bawa ni milimita tisini na tatu. Nikapima. Themanini na sita.

Ndege akikauka hupungua milimita moja, labda mbili. Hapungui saba. Nikapima tena. Nikamchukua yule wa kusini ambaye lebo yake ilisema themanini na saba. Tisini na mbili.

Nilikaa. Hakukuwa na la kutafakari, hesabu hiyo angeifanya hata mtoto wa shule ya msingi: lebo zilikuwa zimebadilishana miguu. Na ili lebo zibadilishane miguu, lazima zifunguliwe, zote mbili, na ndege wote wawili wawe mezani kwa wakati mmoja. Na meza ile haina mwingine ila mimi. Niliangalia mafundo. Yalikuwa yangu. Mdogo wangu hufunga mara tatu, mimi hufunga mara mbili na kukata uzi mfupi.

Nilijaribu kuikumbuka siku ile ya nne. Nakumbuka nikipanda ngazi za jumba na mlinzi akinipa pole. Nakumbuka kesho yake ndege wawili wakiwa kwenye ubao. Katikati hakuna kitu. Si kwamba nimesahau baadhi. Hakuna hata kidogo.

Mkasi ulikuwa karibu. Ningeweza kukata nyuzi mbili, kuhamisha karatasi mbili, kufunga, na kwenda kula. Dakika tatu. Vipimo vingekubaliana, mkuu wa idara angepiga muhuri, mama angepata kitabu chake. Na ingekuwa kweli! Hilo ndilo lililoniudhi. Ningekuwa narekebisha, sidanganyi.

Lakini mwaka mmoja kabla, mdogo wangu alirudi na ndege watatu ambao lebo zao zililowa mtoni na kukatika. Aliziandika upya akiwa kambini, kwa kukumbuka. Mimi ndiye niliyegundua, kwa kuwa wino ulikuwa mpya mno. Alinibembeleza hapo hapo mbele ya sinki: "Dada, si unanijua? Najua kila mmoja nilimtoa wapi." Nikamjibu kwamba mimi namjua, droo haimjui. Ndege hao niliwachoma mimi mwenyewe kwenye tanuri la uani. Hakunisemesha siku mbili, na kwa Redio siku mbili ni kifungo cha maisha.

Niliirudisha droo, nikafunga kabati, nikaenda nyumbani mapema.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuinua kichwa, kidole kikiendelea kusukuma vijiwe pembeni.

"Kwa hiyo hivyo vikaratasi vimekaa vibaya," alisema.

"Ndiyo."

"Si uvikalishe vizuri?"

"Haifai, mama."

"Haifai nini? Umesema wewe mwenyewe vipimo vinaonyesha. Uzi unao, mikono unayo. Nani atajua?"

"Mimi sikumbuki siku hiyo. Nikivihamisha nitakuwa naapa kwa kitu ambacho sikukiona."

"Aah, wewe nawe!" Aliusukuma mchele. "Mwenzio yuko chini ya udongo, wewe unatafuta usafi wa mikono. Huwezi au hutaki?"

Nilivuta kigoda nikakaa. Alikuwa na haki ya kunikasirikia na mimi nilijua, kama vile mtu anavyojua mvua inanyesha nje.

"Mama, siku ile niliyorudi kazini. Nilifika nyumbani nikiwaje?"

Kidole chake kilisimama.

"Hukumbuki kweli?"

"Sikumbuki."

Aliliweka sinia chini. Alifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Uliingia hukunisalimia. Ukakaa hapohapo ulipokaa. Ukaniambia, 'Mama, nimemwosha. Damu yote imetoka. Nimemshona vizuri, huwezi hata kuona alipoumia.' Nikakuuliza, nani? Ukasema, 'Mdogo wangu.'"

Friji ilikuwa inanguruma. Nje mtu alikuwa anaburuta kitu cha chuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuvua viatu, nikakulaza. Asubuhi uliamka ukaoga ukaenda kazini. Nikasema potelea mbali, kila mtu na njia yake."

Nilielewa basi. Mfuko ulikuwa na damu, na barafu ilipoyeyuka kwenye boksi lile damu ilienea kwa wote wawili, kwenye manyoya na kwenye karatasi. Huwezi kumwosha ndege vizuri akiwa na lebo mguuni. Nilizifungua, nikawaosha wote wawili pamoja, na aliyewaosha hakuwa akiwaza bawa wala mlima. Nilielewa kila kitu na bado sikuhisi kitu. Nilimsaidia mama kumaliza mchele.

Alhamisi asubuhi niliwatoa chiriku wote wawili. Nilizigeuza lebo bila kuzifungua, na nyuma ya kila moja nikaandika kwa herufi ndogo: Lebo hii ilifunguliwa wakati wa kuosha, ndege wawili wakiwa mezani. Nadhani zimebadilishana. Nikatia tarehe ya siku hiyo na jina langu. Kisha nikawapeleka ghorofani kwenye sinia.

Mkuu wa idara ni mtu wa karibu na kustaafu, ana miwani miwili na kila mara anatafuta ile aliyoibandika kichwani. Alipima mabawa, akageuza lebo, akasoma. Akasoma na ya pili. Akavua miwani yote.

"Ungenyamaza ukazibadilisha, nisingejua," alisema.

"Najua."

"Vipimo viko upande wako. Lakini vinaweza pia kusema Redio mwenyewe alikosea kuandika huko juu. Au aliwakamata wote wawili kusini." Alisema hilo polepole, akiniangalia. "Sisemi alifanya. Nasema karatasi hii haiwezi tena kumkanusha anayesema hivyo."

"Alimpigia dereva simu."

"Dada yangu, Redio alinipigia mimi simu mara ngapi?" Karibu atabasamu, akaacha. "Ningependa sana kumwandika. Naomba uniamini."

Nilimwambia namwamini. Alichukua kalamu na rula, akaikata kwa mstari, kwenye orodha, safu ya chiriku wa mawe, mlima wa kaskazini. Mstari ulinyooka sana. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Na hawa hawawezi kurudi kwenye droo," alisema. "Unajua utaratibu."

"Wachomwe."

"Wachomwe, au watolewe."

"Naweza kuwachukua mimi?"

Aligeukia dirisha, akaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa mbele yake mezani. "Sijasikia swali," alisema. "Masikio yangu siku hizi si mazuri."

Niliwafunga kwa pamba kwenye boksi la viatu, nikaliweka mapajani njia nzima. Nilikuwa najiandaa kwa mama. Nilipanga maneno: kwamba kitabu ni kitabu tu, kwamba miaka kumi itapita, kwamba mwingine anaweza kupanda siku moja akampata tena. Yote yalikuwa maneno ya mbao. Nilijua nimemnyang'anya mama kitu cha mwisho alichokuwa anakisubiri, nilijua kwa kichwa tu, na nilijiogopa.

Alikuwa sebuleni, amekaa karibu na rafu. Aliniangalia usoni mara moja, akajua.

"Wamekata."

"Wamekata, mama. Ni mimi."

Hakunitukana, hakulia. Macho yake yaliteremka kwenye boksi, na mimi nikalifungua kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono. Kumbe mama hajawahi kumwona. Miezi mitano alikuwa anaulizia ndege huyu, ukurasa wake, jina lake, na hakuna aliyefikiria kumwonyesha.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa."

"Wadogo hivi?" Aliinama. "Mtoto wangu alipanda mlima wote ule kwa kitu kidogo hivi?"

"Ndiyo, mama."

Alinyoosha mkono akausimamisha juu ya boksi, bila kugusa.

"Yupi ni wa kule?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba hilo ndilo hasa ambalo haliwezi kusemwa tena, kwamba mkuu wa idara ameeleza, kwamba yapo mambo matatu yanayowezekana. Miaka kumi na minne sijawahi kusema ndege ametoka wapi bila karatasi mguuni. Nilimchukua yule mwenye bawa refu, nikamweka kwenye kiganja cha mama.

"Huyu."

Hakuuliza najuaje. Alimfunika kwa vidole, akamsogeza karibu na kifua.

"Basi alifika," mama akasema.

"Alifika," nikasema. Ganzi ikaanza kunitoka, kuanzia miguuni. Nilijikuta sakafuni, kichwa mapajani mwake, nalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kamasi zinanitoka, namwita mdogo wangu kwa jina lake alilopewa na mama, si lile la kazini. Niliumwa mwili mzima. Mama alinishika kichwa kwa mkono mmoja tu, kwa sababu wa pili ulikuwa na ndege.